Ukuta Usiofuata Barabara

Marsabit,
4 Juni 1974

Mwanangu Rukaya,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakiletewa ripoti mbaya ya nyumba yao ni kuchanganya saruji kabla ya kuuliza swali. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu nakujua. Mkono wako ni mwepesi kuliko wa marehemu baba yako, na barua yako imekaa njiani siku kumi na tano. Huenda ndoo ya maji iko tayari uani. Iweke chini.

Sasa salamu. Sisi huku tu wazima. Mama yako mkubwa Waridi anakusalimu na anauliza kama bado unakohoa asubuhi. Goti langu la kushoto limekataa kabisa ngazi, lakini kwa bahati nzuri Marsabit haina ngazi nyingi. Mvua ya mwisho ilikata barabara ya Isiolo, na malori yalilala kule siku sita, ndiyo maana nakujibu leo. Mwambie Mwanaisha nimeutambua mwandiko wake juu ya bahasha, na kwamba herufi zake kubwa zimenyooka.

Niruhusu niyarudie maneno yako, nione kama nimeelewa. Unaiuza nyumba aliyoijenga babu yako Shariff hapo Majengo mwaka wa 1931. Mnunuzi ni Wacera auzaye viazi sokoni, na chama chake cha akina mama hakitamwachilia akiba yake mpaka nyumba ikaguliwe. Mkaguzi waliyemleta, Bwana Gatimu, ameuona ufa pale chumba cha nyuma kinapoungana na nyumba kubwa, akaandika kwamba nyumba imegeuka juu ya msingi wake na inateremka polepole kuelekea mtoni. Anataka kupeleka nakala manispaa. Manispaa wakimwamini, watapaka alama nyekundu ukutani na nyumba itabomolewa. Na mwenye duka kule Chaka, ambako unataka kuhamia na binti yako, atakungoja hadi mwisho wa Julai, kisha atampa mtu mwingine.

Sikiliza basi. Ripoti ya mkaguzi huwa na vitu viwili vilivyoshonwa pamoja: alichokiona, na anachokifikiri juu ya alichokiona. Ukigombana naye juu ya vyote viwili utashindwa, kwa sababu alichokiona kipo. Vifumue. Mwendee kwa adabu, kama unavyomwendea daktari, umwulize alisimama wapi, alipima kutoka wapi hadi wapi, na kwa kifaa gani. Usibishe. Andika majibu tu.

Halafu wewe mwenyewe fungua na ufunge kila mlango na kila dirisha. Nyumba ya mawe ikigeuka hata inchi mbili, fremu hubana na mbao hulia. Niandikie ni ipi imebana.

Na usizibe chochote.

Baba yako mkubwa,
Dawud Shariff


Majengo, Nyeri,
15 Juni 1974

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako imefika juzi. Hatujambo. Kikohozi changu kimepungua ila baridi imeingia mapema mwaka huu, tunakaa jikoni kutwa nzima kama kuku. Mwanaisha alisoma sifa za mwandiko wake mara nne, kisha akaipeleka barua shuleni. Mpe shikamoo Mama Mkubwa.

Nilikuwa nimeshapiga plasta. Nisamehe. Niliziba ule ufa wa nyuma Jumanne, na kufikia Ijumaa ulikuwa umerudi mahali pale pale, kutoka juu hadi chini, unaingia kidole. Wacera alipita siku hiyohiyo kuangalia. Akaweka kidole chake ndani, akakitoa, akakitazama. Akaniambia, "Mama Mwanaisha, mimi nanunua nyumba ya kukaa. Hii yako inatembea. Siku moja nitatoka sokoni nipate imefika mtoni bila mimi." Watu waliokuwa kwenye kibanda cha jirani walicheka mpaka nikaingia ndani. Lakini sikuona ubaya kwake. Ameitamani nyumba hii tangu alipokuwa akibeba viazi kwa mgongo, na nadhani alitania ili asionekane amesikitika.

Nimemwendea Gatimu kama ulivyosema. Ni kijana, hana zaidi ya miaka thelathini, na ofisi yake ni meza moja nyuma ya duka la vitabu. Alishangaa kuulizwa bila kutukanwa, akanionyesha karatasi zake. Alisimama upande wa mashariki. Alipima kwa tepu kutoka ukuta wetu hadi mpaka wa ploti, pale kwenye ua. Kwenye kona ya mbele alipata futi tisa. Kwenye kona ya nyuma ya nyumba kubwa, mahali ulipo ule ufa, alipata futi saba na inchi kumi. Lakini kuanzia hapo, ukuta wa chumba cha nyuma unakwenda sawasawa na mpaka, haupindi hata kidogo. Kwa hiyo anasema chumba cha nyuma kimebaki mahali pake, na nyumba kubwa imejinyonga mbali nacho ikapasuka kwenye maungio. Alinichorea, na kusema kweli, kwenye mchoro inaonekana wazi kabisa.

Nikamwuliza alikaa kwetu muda gani. Akasema kama nusu saa, mvua ilikuwa inataka kunyesha.

Milango nimeifunga yote. Yote inafunga vizuri, pia madirisha. Ila sakafu ya chumba cha nyuma, ukipiga kisigino kwenye kona, inaitika kama ngoma. Hilo unalijua?

Wako,
Rukaya


Marsabit,
24 Juni 1974

Mwanangu Rukaya,

Barua yako imeingia jana, kona moja imelowa lakini wino haukutoka. Mbuzi wa Waridi amezaa pacha, wote majike, na sasa hasikii habari nyingine yoyote. Goti ni lile lile.

Umepiga plasta. Sitasema kitu.

Milango yote inafunga. Usiipite habari hiyo haraka. Gatimu anasema nyumba ya mawe imegeuka zaidi ya futi moja, na hakuna fremu hata moja iliyohisi. Vipimo vyake naviamini, kwa maana tepu haina ujanja. Kosa liko katika jambo ambalo hakulipima kwa kuwa hakujua kama linahitaji kupimwa. Alidhani ukuta ule ulianza maisha yake ukiwa sambamba na mpaka wa ploti, kwa sababu kila mtu hapo mjini hujenga kwa kufuata ploti, na ploti hufuata barabara. Ukuta wa babu yako haukuifuata barabara hata siku moja.

Jambo hili sikuwahi kukusimulia, na sijui kwa nini. Labda kwa sababu kila nikilifikiria huona maneno yangu ni madogo.

Babu yako hakujua kusoma. Alikuwa mwashi, alichonga mawe ya majumba ya Serikali kwa miaka kumi na tano, na mawe mabovu aliyoruhusiwa kuchukua ndiyo aliyojengea nyumba yake. Alitaka nyumba nzima ielekee kibla, ili mtu akisimama kuswali katika chumba chochote asiulize. Msikiti ulikuwepo, angeweza kuvuta kamba kutoka hapo. Hakutaka. Alisema aliyeelekeza msikiti ni mtu kama yeye, na mtu anaweza kukosea.

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja pale Majengo aliyekuwa amehiji mwaka wa 1924. Alizoea kusimulia maajabu ya safari yake, na moja aliloliona dogo, akalitaja kwa kupita tu, ni kwamba siku chache baada ya Hija, katikati ya Julai, wakati wa adhuhuri, alitazama akaona Al-Kaaba haina kivuli upande wowote. Watu walisikia wakasema ajabu, wakaendelea kunywa kahawa.  Babu yako alikaa na neno hilo siku nyingi, kisha akaniambia maneno ambayo nimeyafundisha darasani kwa miaka thelathini bila kumtaja mwenyewe. Alisema, "Kama haina kivuli, basi jua limesimama juu yake. Na kama jua limesimama juu yake, mimi nikiliona jua saa hiyo, nimeiona."

Fikiria, Rukaya. Mtu asiyejua herufi moja, aliyeketi juu ya jiwe Nyeri.

Akaongeza kuwa jua huwafikia kwanza wa mashariki, kwa hiyo adhuhuri ya kule huja kabla kidogo ya adhuhuri yetu, yaani kabla kidogo kivuli hakijawa kifupi kabisa. "Kidogo" ilikuwa kiasi gani, alijuaje, sijui hadi leo. Julai ya 1930 alisimamisha kijiti uani, na wingu likafunika siku nzima. Mawe yalikuwa yamekwisha kupangwa. Wote walimwambia aanze. Akangoja mwaka mzima. Tuliishi katika chumba kimoja cha kukodi na mawe yetu yakaota majani, na watu wakamwita fundi wa mwakani. Julai ya 1931 jua lilitoka, akachora mstari juu ya udongo, na siku hiyohiyo akachimba msingi.

Mimi nilikuja kuihesabu baadaye, nilipopata majedwali ya jua. Nilihesabu mara tatu. Mstari wa babu yako na mstari wa hesabu ni mmoja. Tofauti iliyobaki ni ya unene wa chokaa. Ukutani hapo nyumbani kwenu kuna mstari unaotoka barazani, unavuka nyika hii yetu magharibi kidogo ya mlima ninaokaa, unapanda milima ya Uhabeshi, unaruka Bahari ya Shamu na kufika pale. Mimi nimesoma, na bado nikiufikiria nywele hunisimama.

Kwa hiyo usimwambie Gatimu haya kwa mdomo. Mwonyeshe. Siku ni Jumanne, tarehe 16 Julai. Saa ni saa sita na dakika ishirini na saba mchana. Saa za Kenya na za Makka ni moja. Mwambie aweke saa yake kwa redio. Apime futi tatu kutoka ukuta wa mashariki, mbele na nyuma, avute uzi, achore mstari kwa chokaa ardhini, halafu aning'inize timazi, ule uzi wenye kipande cha risasi nchani, juu ya mstari huo. Dakika hiyo, kivuli cha uzi wa timazi kitasema chenyewe kama nyumba imegeuka au imekaa ilivyowekwa.

Habari ya chumba cha nyuma tutaiongea siku nyingine.

Dawud Shariff


Majengo,
8 Julai 1974

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua imefika Jumamosi. Tu wazima wote. Nimeisoma nikiwa nimesimama uani, nikaweka mkono juu ya ukuta na sikuutoa mpaka nilipomaliza. Miaka thelathini na miwili nimeishi ndani ya nyumba hii nikidhani imekaa upande kwa sababu ya ubishi wa Babu.

Lakini wewe umekaa jangwani mno. Umesahau Julai ya Nyeri. Tangu mwezi uanze hatujaliona jua. Ni ukungu asubuhi, manyunyu mchana, na nguo zinakauka kwa moshi wa jikoni. Mlima hatujauona wiki tatu. Hata hivyo nimekwenda.

Gatimu alikataa. Alisema yeye hupima mipaka, hapimi dini, na barua ya manispaa ameshaiandika, imebaki kupigwa muhuri. Nikatoka. Nilikuwa nimeshafika nje nikakutana na Wacera akishusha magunia, akaniuliza mbona uso umeanguka. Nikamweleza kwa kifupi. Sikutegemea kitu. Akajifuta mikono, akaingia ofisini kwa Gatimu, na kutoka barabarani nikamsikia: "Wewe kijana, ni mimi nilikuita. Uliangalia hii nyumba nusu saa na ikaniharibia usingizi mwezi mzima. Hiyo Jumanne utakuja, hata kama ni kivuli ya paka unapima." Amekubali kuja. Muhuri utangoja hadi Jumatano.

Nina swali, na nimeliuliza tayari mara moja. Kwa nini sakafu ya chumba cha nyuma inalia? Na jambo jingine nimelikumbuka, la nilipokuwa mdogo: Babu akiwa ndani ya chumba kile na wakati wa swala umefika, alikuwa akichukua mkeka wake na kutoka kwenda ukumbini. Kila mara. Nilidhani ni joto.

Rukaya


Majengo,
17 Julai 1974

Baba Mkubwa, shikamoo.

Sijangoja jibu lako, kwa sababu nikingoja nitaanza kudhani niliota. Sote wazima. Mwanaisha hakwenda shule jana, nilimruhusu.

Kulipambazuka na ukungu kiasi kwamba hatukuuona ua. Saa nne manyunyu. Saa tano na nusu Gatimu akaja na sanduku lake, amevaa koti la mvua, akapima, akavuta uzi, akachora mstari wa chokaa kama ulivyoagiza. Kazi yake ni safi, siwezi kumnyima hilo. Alisimamisha nguzo tatu, akaning'iniza timazi na kuweka risasi yake ndani ya kopo la maji isiyumbe. Wacera alikuja na kigoda chake. Majirani wakajaa kwenye ua wakisema tunapunga mapepo ya nyumba.

Saa sita na robo hakuna kitu. Anga nyeupe yote kama sufuria iliyofunikwa. Saa sita na dakika ishirini Gatimu alianza kukunja tepu. Hakuwa na dharau, alikunja polepole, kama mtu anayetoka kwenye msiba. Mimi nilikuwa nikimfikiria Babu na mawe yake yenye majani, na nikajiambia, yeye alingoja mwaka, mimi sina mwaka.

Halafu Mwanaisha akasema, "Mama, mkono wangu."

Mkono wake ulikuwa na kivuli. Hafifu sana, kama doa la maji. Sote tukainama. Wingu halikufunguka, Baba Mkubwa, lilikonda tu, na jua likaonekana nyuma yake kama sarafu, mtu angeweza kulitazama. Kivuli cha uzi kilikuwa chini, upande wa kusini wa timazi, urefu wa hatua moja, chembamba kama unywele. Kilikuwa pembeni kidogo ya chokaa. Gatimu akatazama saa akasema bado dakika tatu.  Kile kivuli kilitembea. Sikujua kama kivuli hutembea mbele ya macho, nilidhani ni kitu cha kugundua baadaye. Kiliisogelea chokaa, kikaigusa kwa ncha, na Gatimu akasema kwa sauti ya chini, "Ishirini na saba," na kikawa kimelala juu ya mstari wote, mwanzo hadi mwisho, hata hukuweza kukitofautisha.

Gatimu alipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya ofisi. Aliweka rula. Akaiondoa, akaiweka tena. Kisha akatazama ukuta kuanzia chini hadi juu, kama mtu anayetambulishwa kwa mtu mwingine.

Akasema, "Hii haijasonga hata unywele. Iliwekwa hivi." Kisha akaongeza, "Mimi niko na diploma, na sikuuliza ni nani alijenga."

Jua likafunikwa. Sijui lilikaa muda gani, labda dakika nane kwa jumla. Muda mfupi baadaye adhana ikaanza msikitini, na wale vijana waliokuja kucheka wakaondoka.

Wacera alibaki kwenye kigoda chake. Aliniita nikae chini karibu naye. "Guka wangu, yaani babu, alikuwa anaangalia Kirinyaga ndio aombe," alisema. "Mlima iko hapo, unaiona, si kazi. Huyu wako aliangalia mahali hata hajaona na macho." Kisha akasema ataichukua nyumba hii kama ilivyo, na ukuta wa mashariki hatamruhusu fundi yeyote auguse. Alisema haulizi kitu tena.

Gatimu ameichana barua ya manispaa mbele yangu. Anaandika ripoti mpya, na Jumatatu tarehe 29 tutatia sahihi. Kabla hajaondoka alirudi kwenye ufa, akaangalia upande huu na upande ule. Alisema sasa anauona: nyumba kubwa inafuata kivuli na chumba cha nyuma kinafuata barabara, kwa hiyo wajenzi ni wawili, na ufa umetokea pale walipokutana. Akapiga sakafu kwa kisigino. Akaniuliza ni nani aliyekijenga chumba hicho na chini yake kuna nini. Nikasema baba yangu mkubwa ndiye ajuaye. Akasema kama hakuna jibu ataandika haijulikani, na Wacera amekwisha kusema haijalishi.

Ni mara ya tatu nauliza. Sitauliza mara ya nne.

Rukaya


Marsabit,
24 Julai 1974

Mwanangu Rukaya,

Mama yako mkubwa ameisikia barua yako mara mbili, na mara ya pili aliniambia niishie kwenye ule mkono wa Mwanaisha, akautazama wa kwake. Wote tu wazima. Sikuipeleka barua hii posta. Nimempa mkononi dereva wa lori la ng'ombe anayefika Nyeri Jumamosi, naye ameapa ataileta mlangoni.

Nimesoma pale kivuli kilipoigusa chokaa, nikaweka karatasi chini. Miaka arobaini na mitatu nimebeba siku ile, nikaihesabu na kuieleza, na sikuwahi kuthubutu kurudi kuitazama. Wewe umeitazama. Nadhani unajua pia kwa nini mimi sikuthubutu. Umeuliza mara tatu kwa upole, na mimi nilikujibu kwa jua na bahari.

Chumba cha nyuma nilikijenga mimi.

Ilikuwa 1941, baba yako Jumaa alikuwa anaoa, na palihitajika chumba cha maharusi. Nilikuwa mwalimu mwenye vyeti viwili. Nyuma ya nyumba kubwa palikuwa na shimo la choo la zamani, kina cha futi kumi na nane, na hapo ndipo palikuwa na nafasi. Nililijaza kwa wiki moja: matawi, takataka, udongo juu. Babu yako alikuja akasimama ukingoni. Aliniambia maneno mawili tu. La kwanza, ngoja mvua mbili ziukanyage udongo. La pili, ufuate ukuta wangu. Nikamwonyesha kitabu. Nilimweleza kuhusu uzito, na jinsi miji ya kisasa inavyojengwa kwa kufuata ploti, na mbele ya vibarua wake nikamwambia kwamba mambo ya vivuli ni ya zamani. Mimi, Rukaya, niliyemwona akiuchora ule mstari kwa mkono wake.

Alisema, "Haya, mwalimu." Hakusema zaidi, si siku ile wala baadaye. Lakini hakuswali ndani ya chumba kile hadi alipokufa, na kila alipouchukua mkeka wake na kutoka, nilijua anakokwenda na kwa nini. Wewe ulizaliwa humo. Nilifurahi sana siku hiyo, na bado nilisikiliza sakafu.

Nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini kusahihisha kosa la hesabu kwa wino mwekundu, pembeni, mahali ambapo kila mtu ataliona. Langu nililipigia sakafu ya saruji.

Basi Gatimu alikosea sababu, lakini ufa hakuukosea. Matawi yameoza, udongo umeshuka, na chumba kinashuka nao. Nyumba ya babu yako haihusiki, imesimama juu ya ardhi isiyochimbwa. Dawa ipo: kubomoa sakafu ya ile kona, kuzoa uozo wote hadi chini, kushindilia mawe, na kuacha mvua mbili zipite kabla ya kumwaga saruji tena. Ni kazi ya mwezi mmoja na subira ya mwaka. Gatimu ataielewa.

Najua unachokifikiri. Wacera amesema haulizi tena, duka la Chaka linangoja, na siku zimebaki chache. Lakini amesema hivyo kwa sababu ya heshima aliyoipata mbele ya kivuli kile, na heshima hiyo ni ya babu yako. Hatuwezi kuitumia kufunika shimo langu. Anaweza kughairi. Anaweza pia kukaa kwenye kigoda chake akafikiri, maana ni mtu wa kufikiri. Nimemwandikia yeye karatasi ya pili, imo ndani ya bahasha hii, nimetia sahihi yangu na kuchora shimo lilipo na kina chake, ili lawama isikae juu yako.

Leo, kabla hujabandika chai, shuka sokoni ukampe Wacera karatasi hiyo, na umsomee mwenyewe.

Baba yako mkubwa,
Dawud Shariff